Mpokeeni Mtoto wa Mwanaisha

Wifi yangu Mwanamisi ni mbishi, na mimi ndiye ninayempigia debe. Nasema debe la kweli, lile la mafuta ya kula, nililolipiga ngumi mpaka likapata sauti. Yeye anaimba, mimi napiga na kuitikia, na wanawake wengine wa Mgwashi wanaingia kila mmoja anapojisikia. Hatuna sare wala jina la kikundi. Watu wakituhitaji harusini wanasema tu, mkawaite kina Mwanamisi, na tunakwenda tukishamaliza kupalilia.

Ni dada wa mume wangu, kwa hiyo namjua tangu siku nilipoletwa pale mimi mwenyewe nikiwa bibi harusi. Ni mfupi, ana mwanya mkubwa, na hajui kunong'ona. Akiwa kwenye viazi vyake akamsema mtu, aliye ng'ambo ya bonde anasikia na anajua ni yeye anayesemwa. Mumewe alifariki zamani, watoto wameshaondoka kila mmoja na kwake, yeye amebaki na shamba la viazi, vishina vichache vya chai, na mdomo wake. Nimegombana naye kwa mambo mengi. Kwa hili la wimbo sikugombana naye, na atakayemsema vibaya ataanza na mimi Hidaya.

Wimbo wenyewe unaitwa Mpokeeni. Unaimbwa mara moja tu katika harusi, pale bibi harusi anapotoka mlangoni kwao kukabidhiwa watu wa mume. Mwanamisi aliutunga akiwa msichana, dada yake alipoolewa Mazinde na watu wa kule chini wakawa wanamwita "yule wa mlimani", kana kwamba hakuzaliwa na mtu mwenye jina. Mpokeeni mtoto wa fulani, msimwite mgeni. Hilo ndilo shina lake. Yanayofuata yote ni habari za mama wa bibi harusi, na hizo Mwanamisi hazitoi kichwani. Siku ya kuamkia harusi anakwenda kwa huyo mama, anakaa jikoni, anakataa kiti, anamwambia, "Haya, nipe mambo yako." Mama anacheka, anakataa, anasema hana mambo. Mwanamisi anamenya viazi vya watu na kusubiri. Mwisho mama anasema, na kesho yake anayasikia yale yale yakiimbwa mbele ya wakwe.

Kwa hiyo wimbo huu haujawahi kuwa sawa mara mbili. Na wakwe wanausikiliza kwa masikio yote, kwa sababu ndio unaowaonyesha nani apewe mkaja, yaani zile kanga za kumshukuru mama kwa kulea. Kijijini kwetu mkwe haulizi mama ni yupi. Anasubiri wimbo umtaje, kisha anakwenda kumvisha.

Sasa, mtu mmoja aliurekodi kwa simu kwenye harusi moja ya Mazinde, ukazunguka, ukamfikia Emanueli. Emanueli ana kampuni ya muziki Dar es Salaam, inaitwa Mvumo Rekodi. Ni mzaliwa wa Mombo, hapo chini ya mlima, kwa hiyo alipopanda kuja kwetu alikuja na adabu zake zote: shikamoo kwa kila aliyemzidi, "onga mshi" ya Kisambaa kwa wazee, viatu akavua mlangoni bila kuambiwa. Najua watu wangependa niseme kwamba alikuja kumwibia mama wa kijijini. Haikuwa hivyo. Alikuja na mkataba, akausoma kwa sauti, Mwanamisi akausoma tena mwenyewe kwa kidole, neno kwa neno, chai ikapoa.

Ulisema hivi: kampuni italipia studio na video, itausukuma wimbo redioni na mitandaoni. Gharama zikisharudi, mapato yatagawanywa, fungu kubwa la kampuni, fungu dogo la msanii. Wimbo, maneno yake na sauti, vyote vitakuwa mali ya kampuni. Na msanii hatauimba mbele za watu bila kibali.

"Kibali cha nini?" Mwanamisi aliuliza.

"Ni utaratibu tu, mama. Wasanii wote wanasaini hivyo. Tunaweka fedha nyingi, lazima tulinde tulichoweka."

Mwanamisi alielewa kwamba anauza kile kitakachotoka studio, kama mtu anavyouza gunia la viazi na shamba likabaki lake. Akasaini. Malipo ya awali yakaezeka nusu ya nyumba yake kwa bati, nusu ya pili ikaachwa isubiri mgao.

Studio ilikuwa chumba kimefunikwa magodoro ukutani, hakuna dirisha, joto la Dar ndani ya joto. Walimvisha Mwanamisi masikioni vile vidude, wakamsimamisha mbele ya maiki, na fundi wa sauti akamwambia kwa upole, "Mama, imba."

"Anaolewa nani?" Mwanamisi akauliza.

Fundi alimtazama Emanueli. Emanueli akasema, "Haolewi mtu, mama. Tunarekodi tu."

"Basi nawaambia wampokee nani?"

Walibembeleza kweli. Fundi alimwambia aweke jina lolote, akapendekeza na moja, zuri tu, la kwenye tamthilia. Mwanamisi akamwambia kwamba huyo mtu hajawahi kumpikia mtu uji wala kukesha na mgonjwa, ataimbaje habari zake? Akavua vile vidude, akakaa chini. Mimi nilikaa naye. Emanueli alitoka nje, akarudi, akatoka tena. Saa za studio zilikuwa zinakwenda na ni yeye anayelipa, uso ulikuwa umemjaa jasho.

Mwanamisi akamwita. "Mama yako anaitwa nani?"

"Efrazia."

"Njoo ukae hapa. Nipe mambo yake."

Emanueli alikaa pale sakafuni na suruali yake ya kupigwa pasi, akasema. Mama yake aliuza maandazi stendi ya Mombo. Aliuza mpaka miguu ikavimba, akawa anauza amekaa. Alipoitwa shuleni kwa sababu ya ada alikwenda na beseni la maandazi, akamwambia mwalimu mkuu aanze kula mpaka ada itimie. Tulicheka sote. Emanueli alicheka, kisha akafuta macho kwa mgongo wa mkono, na Mwanamisi akasimama, akaimba. Aliimba mara moja. Fundi aliniambia baadaye kwamba hajawahi kurekodi kitu kikaisha haraka namna ile. Debe langu waliliweka pembeni, wakatia la kompyuta, na hilo sijalisamehe mpaka leo.

Wimbo ukashika. Mpokeeni mtoto wa Efrazia ukawa kwenye miito ya simu, kwenye redio, kwenye video za watu wanaocheza na watoto wao sebuleni. Makonda waliuimba Soni, vijana wa bodaboda waliuimba Bumbuli. Na sisi tukaanza kuitwa harusini kuliko zamani, kwa Waislamu na kwa Wakristo, maana kila mama alitaka atajwe yeye kama alivyotajwa huyo Efrazia. Mwanamisi alikwenda jikoni kwao, akamenya viazi, akasikiliza, kesho yake akaimba. Kibali hakuomba. Haikumpitia akilini kwamba kuna mtu wa kuombwa.

Kilichotuzindua ni harusi ya Yudith, binti mmoja wa Rangwi. Ndugu zake walipiga picha za video, wakaziweka mtandaoni ili wajomba walioko mbali waone. Siku chache baadaye video ikaondolewa. Badala yake kukawa na maandishi kwamba ina wimbo ambao ni mali ya Mvumo Rekodi. Baba yake Yudith alikuja mpaka Mgwashi amenuna, akamuuliza Mwanamisi tangu lini mke wake amekuwa mali ya kampuni. Mwanamisi akaingia ndani kuchukua simu.

Alimpigia Emanueli mbele yangu, akaweka sauti ya nje.

"Mama, nisikilize," Emanueli alisema, na alikuwa na subira. "Biashara ya muziki inahitaji wimbo mmoja. Mmoja tu, unaojulikana. Kila unapouimba harusini na jina jipya, watu wanarekodi, wanaweka mtandaoni. Msikilizaji akiutafuta anakuta ishirini. Wetu unazama humo humo. Redio zinaniuliza upi ndio wenyewe. Nimeweka mkopo kwenye ile video."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ukiitwa harusini, nenda. Sharifu wa Bumbuli tumemfanya wakala wetu, atakuja na spika. Ataweka ule wa kwetu, wewe unasimama na maiki unachezesha mdomo. Wasanii wakubwa wote wanafanya pleibeki."

"Nichezeshe mdomo kama mbuzi anayecheua?"

"Mama."

"Na mama wa bibi harusi atasikia jina la nani?"

"Watu wameshauzoea, mama. Wanaupenda hivyo hivyo. Ukiendelea bila kibali nitalazimika kusimamisha mgao wako, na kampuni itakudai gharama. Sitaki tufike huko."

Mwanamisi alikata simu, akaangalia nusu ya nyumba yake isiyo na bati. Nilidhani atatukana. Aliniuliza tu, "Kwa Mwanaisha ni lini?"

Hapo lazima niseme habari za Mwanaisha, kwa sababu ndiye aliyekuwa na cha kupoteza.

Mwanaisha alizalia nyumbani. Aliyempa mimba alishuka mlima na hakupanda tena, na kaka yake, aliyekuwa amebaki na mji wa baba yao, akamwachia chumba cha uani karibu na jiko, na humo ndimo alimolelea Husna wake. Kazi yake ni kuosha karoti. Wafanyabiashara wakishang'oa mashambani, karoti zinateremshwa mtoni, kina mama wanasimama majini kutwa nzima wanazisugua zing'ae kabla ya kupakiwa. Mwezi wa saba maji ya kwetu yanauma mifupa. Katika harusi zote za kijiji Mwanaisha alikuwa jikoni akipika, na hakuna aliyewahi kumwita kwa jina mbele za watu. Walimwita "wewe dada" au "yule wa uani". Wangemwita "mama Husna", lakini hilo nalo lingekumbusha mambo, basi wakaona bora wasimwite kitu. Ukiniuliza mimi, hao ndio walikuwa wa kuonewa aibu.

Husna alisoma, akawa muuguzi, akapata mchumba wa Mazinde, kijana mzuri wa watu wazuri. Kaka yake Mwanaisha akashika harusi yote mkononi. Alikuwa mpole siku hizo, anacheka na kila mtu, ila kitu kimoja kilimkosesha usingizi: wimbo. Hakutaka mambo ya dada yake yaimbwe, wakwe wasikie kwamba bibi harusi hana baba wa kutajwa. Aliposikia kwamba kampuni imekataza Mwanamisi kuimba na Sharifu analeta spika, alishukuru kana kwamba mvua imenyesha. Akalipa spika siku ile ile.

Pamoja na hayo, siku ya kuamkia harusi Mwanamisi alikwenda uani. Nilikuwa naye. Akakaa chini, akavuta sufuria ya viazi.

"Haya, nipe mambo yako."

"Wifi, mimi sina la kuimbwa," Mwanaisha alisema. Anatuita wifi sote, kwa heshima tu. "Na kaka amesema wataweka ule wa redioni. Mwache, usijiletee kesi kwa ajili yangu."

"Sijakuuliza kesi. Nimekuuliza mambo yako."

Alikataa. Tulimenya. Aliinuka kukoroga, akakaa, akainuka tena. Halafu, kwa sauti ndogo, akasema kwamba siku ya kumwandikisha Husna darasa la kwanza, mwalimu aliuliza jina la baba. Mstari mzima wa wazazi ulikuwa nyuma yake unasikiliza. Akamwambia mwalimu, andika Mwanaisha. Mwalimu akasema, nataka la baba. Akamwambia tena, andika Mwanaisha, huyo ndiye aliyepo. Mwalimu akaandika. Mpaka kwenye cheti cha uuguzi binti anaitwa Husna Mwanaisha.

"Kaka hakusema nami mwaka mzima," alisema. "Lakini nilikwishaandikisha."

Mwanamisi aliacha kumenya. Alimshika mkono, ule mkono uliokakamaa kwa maji, akauachia. "Hongea," alimwambia, ndiyo hongera ya kwetu, akaaga. Njiani alikuwa akihesabu mistari kwa vidole, na mimi nikajua nikalifute vumbi debe langu.

Siku ya harusi ukungu uliondoka mapema. Watu wa Mazinde walipanda na gari mbili, shehe akafungisha ndoa barazani, pilau ikaliwa. Sharifu alipanga spika zake chini ya mti wa mwembechai ulio mbele ya nyumba, akaja kutusalimia sisi akina mama.

"Shikamoo, bi Mwanamisi. Leo pumzika, utanyanyua maiki tu, mengine niachie."

"Marahaba. Nimepumzika," Mwanamisi akamjibu, na maiki hakuipokea.

Husna alipotokea mlangoni na mtandio wake mweupe, mjomba mtu, yule kaka yake Mwanaisha, alimpa Sharifu ishara kwa kidevu. Spika zikanguruma. Ikatoka ile ngoma ya kompyuta, kisha sauti ya wifi yangu, kubwa kuliko yeye mwenyewe: Mpokeeni mtoto wa Efrazia, msimwite mgeni.

Watu wa Mazinde walifurahi kweli, wala siwalaumu. Wimbo wanaujua, upo kwenye simu zao. Waliitikia kwa nguvu, Efrazia, Efrazia, vijana wakacheza. Mwanaisha alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mwiko mkononi, anatabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu aliyezoea, na liliniuma kuliko kama angelia. Husna pale mlangoni alikuwa ameinua mtandio anamtafuta mama yake kwa macho.

Ndipo shangazi wa bwana harusi akasogea mbele. Mama mtu mzima, ametulia, kanga za mkaja amezikunja vizuri mikononi. Alikuwa ameusikiliza wimbo kama sisi sote tunavyousikiliza. Akauliza kwa heshima zote, "Bi Efrazia yuko wapi, tumshukuru?"

Wa kwetu wote tukatazamana. Hakuna Efrazia Mgwashi nzima. Shangazi akageuka huku na huku, kanga mkononi, akidhani mwenyewe anaona haya kujitokeza. Mjomba mtu akakohoa. Na mke wake, yule aliyekuwa akimhesabia Mwanaisha vijiko vya sukari, akanyoosha mikono yote miwili na kusema, "Nipeni tu mimi, ni mamoja."

Ni mamoja! Damu ilinipanda mpaka masikioni. Mimi ndiye niliyechomoa waya. Watu wengine wanasema alichomoa Mwanamisi, wengine wanasema umeme ulikatika. Ulichomolewa na Hidaya, kwa mkono huu, na Sharifu aliniona.

Ukimya ulipoingia, Mwanamisi alikuwa ameshafika katikati ya uwanja. Hakuwa na maiki. Hajawahi kuihitaji.

Mpokeeni mtoto wa Mwanaisha, msimwite mgeni.

Nikalipiga debe. Akaimba mto wa mwezi wa saba na mwanamke aliyesimama ndani yake. Akaimba karoti za watu zinazong'aa na kucha za mwoshaji zinazooza. Akaimba mwalimu aliyeuliza baba wa mtoto ni nani, na mstari wa wazazi uliotega masikio, na yule mama aliyesema andika Mwanaisha. Alipofika hapo alirudia, na wanawake wakamdaka: andika Mwanaisha! Kwanza tulikuwa watatu, wanne. Kisha waosha karoti wote, waliokuwa nyuma na masufuria, wakaingia. Kisha wanawake wa Mazinde, ambao hawakujua habari yote ila walijua mwanamke anapoimbwa. Andika Mwanaisha! Mjomba mtu alisema kitu, nikaona midomo ikicheza, sikusikia.

Sharifu alikuwa ameinua simu anarekodi. Mwanamisi akamwona, akamfuata huku anaimba, akasimama mbele yake.

"Sogea, Sharifu, upate uso vizuri," alimwambia. "Wapelekee. Useme ni Mwanamisi, usije ukamsingizia mtu."

Shangazi wa bwana harusi alikata uwanja mzima na kanga zake, akampita mke wa mjomba na mikono yake iliyonyooshwa, akaenda mpaka mlango wa jikoni. Akamvisha Mwanaisha mabegani. "Ahsante kwa kutulelea," alisema. Mwanaisha alikuwa bado na mwiko. Hakujua auweke wapi. Husna alitoka mlangoni mbio, viatu virefu na yote, akamkumbatia pale pale penye moshi, na nguo nyeupe ikaingia masizi. Nililia. Sioni haya kusema nililia, na debe sikuliacha.

Basi yakaja yale tuliyotishiwa. Video ya harusi iliondolewa mtandaoni kabla haijaangaliwa na wengi. Mgao wa Mwanamisi ukasimamishwa. Nusu ya nyumba ikabaki bila bati na mvua za masika zikaingia, tukahamisha kitanda. Wako watu waliomwambia kwamba amechezea bahati, kwamba wimbo mmoja ungemjengea nyumba nzima na yeye kauchoma kwa ajili ya mwanamke wa uani. Aliwapa vidonge vyao, na kwa sauti ile aliyonayo, hata ng'ambo ya bonde walimeza.

Kisha Emanueli akaja mwenyewe. Alitukuta mtoni, mimi na Mwanamisi tumekwenda kumsaidia Mwanaisha maana karoti za siku ile zilikuwa nyingi. Sharifu alikuwa nyuma yake. Walisimama ukingoni, matope yakawapanda viatuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama Efrazia hajambo?"

"Hajambo." Hilo lilimtoa kidogo kwenye njia, lakini akarudi. "Mama, nimekuja kabla ya wanasheria, kwa heshima. Umevunja mkataba, na mbele za watu. Nina wasanii wengine wanaangalia. Nikikuacha wewe, kesho kila mmoja ataimba anavyotaka, na benki haitanielewa. Fanya kitu kimoja. Tutapiga video fupi, useme ulikosea, useme wimbo ni mmoja na ni wa Mvumo. Mgao wako naurudisha leo hii."

Nilimtazama wifi yangu. Mvua ilikuwa imempigia kitandani wiki nzima.

"Ule wa mama yako ni wako," Mwanamisi alisema. "Nilimwimba kwa moyo, na sikudai nirudishiwe. Mgao nao kaa nao, ulipe benki. Lakini Jumamosi kuna harusi Mazinde, na nitakwenda kukaa jikoni, na nitaimba nitakachoambiwa huko."

"Nitakwenda mahakamani, mama."

"Twende. Hakimu akisema haelewi wimbo huu, nitamuuliza mama yake anaitwa nani."

Sharifu alicheka, akajifanya anakohoa. Emanueli hakucheka. Alikuwa amechoka, hilo niliona, na nadhani kama si ule mkopo angeondoka.

"Mama, hayo majina ni ya kubandika tu," alisema. "Wimbo ni ule ule. Ukibandua la mama yangu ukabandika la huyu au la yule, wimbo haujabadilika. Na wimbo ni wetu."

Mwanaisha alikuwa ameinama majini muda wote huo, amewapa mgongo, anasugua. Akanyooka. Maji yalikuwa yanamchuruzika viwikoni. Sikuwa nimewahi kumsikia akimjibu mtu aliyekuja na gari.

"Baba," alisema, "siku ile niliimbwa mimi. Maisha yangu, na jina langu. Mimi sijasaini kwako."

Emanueli akaangalia matope viatuni mwake. Mwanaisha alisubiri kidogo, kwa adabu, kama ana jibu alilete. Kisha akainama, akachukua karoti nyingine.